Kinanda Kilichoshika Uchumba

Juzi nimetoka Chimala kumzika mwanamume ambaye nusura anioe. Watu wa hapa Ilula waliniona nikipanda basi asubuhi na khanga ya msiba, wakaniuliza ni ndugu yangu gani huyo wa Usangu ambaye hawajawahi kumsikia, nami nikawajibu ni mtu niliyeimba naye kwaya. Uongo mtupu! Ambakisye hakuimba kwaya hata siku moja. Sauti yake ilikuwa ya kumwita utingo aliye ng'ambo ya barabara. Lakini ningewaambiaje wanawake ninaouza nao nyanya, mimi mwalimu mstaafu mwenye wajukuu, kwamba nakwenda kumlilia mtu aliyenifunga mwaka mzima kwa kinanda cha betri? Wangecheka mpaka matenga yapinduke. Basi nikakaa dirishani, nikaiangalia barabara ile ile niliyoipita nikiwa msichana na kile kinanda mapajani, na kabla hatujafika Iringa nilikuwa nimeshaanza kugombana na marehemu kichwani mwangu.

Vijana wa siku hizi wanaona vinanda vya umeme kila kanisa, vingine vimelazwa kwenye vyuma kama wagonjwa, waya kila mahali, na spika ndefu kuliko mchungaji. Kile changu kilikuwa kidogo. Ukikikumbatia kilikaa vizuri kifuani. Kilikuwa na vitufe vyeupe na vyeusi kama kinanda chochote, mlango wa betri chini, kidude cha kuzungusha sauti upande wa kushoto, na spika yake ilikuwa humo humo ndani, nyuma ya vitundu vidogo ambavyo vumbi la Iringa lilipenda kuvijaza. Hakikuwa kitu cha matajiri. Ambakisye alikinunua ng'ambo ya Tunduma kwa fundi mmoja wa mgodini aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao, kwa bei ya redio ya kawaida, na alinieleza hivyo mwenyewe bila kuona haya. Lakini pale mtaani kwetu hakuna aliyewahi kuona chombo kinacholia kanisa zima bila kukanyagwa wala kuchomekwa ukutani. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, mwaka wa foleni za sukari na sabuni, na kitu chochote kipya kilitazamwa kwa njaa.

Nilikuwa nakaa kwa Shangazi Debora, aliyenilea, mtaa wa Kitanzini pale Iringa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu. Chuo ndicho nilichokitaka, na nilikitaka vibaya sana. Shangazi alikuwa na vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha mbele kilikuwa cha wageni: meza iliyofunikwa kitambaa alichodarizi mwenyewe, viti vinne navyo vimefunikwa vitambaa, redio nayo imefunikwa kitambaa. Nadhani angeweza angenifunika na mimi. Jumapili na Jumatano nilikwenda kwaya, usharikani kwetu, ambako mwalimu wa kwaya alinifundisha kupiga kile kinanda kikongwe cha kukanyaga kwa miguu, ambacho panya walikuwa wametoboa mapafu yake. Ukikanyaga kinahema, kinakohoa, ndipo kinalia. Mwalimu akatangaza kanisani kwamba mwenye uwezo atusaidie kupata kinanda kingine, na dereva mmoja wa malori ya Zambia, Ambakisye huyo huyo, aliyekuwa akilala Iringa safari zake zikimfikisha usiku, akasimama nyuma kabisa akasema, "Nitaangalia." Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniponza.

Siku walipokuja nilikuwa jikoni na chungu cha maharage. Nilisikia Shangazi akipokea wageni, "Kamwene, kamwene, karibuni ndani," na mzee mmoja akicheka kwa sauti ya kukwaruza. Huyo alikuwa Mzee Asegelile, jamaa ya Ambakisye kutoka Mbeya, aliyekuja na mkewe. Sikusikiliza sana, maana wageni wa Shangazi walikuwa wengi na wote walipenda maharage yangu. Nilisikia tu mzee akisema, "Mama, sisi tulikuwa tunapita barabarani, tukaona moshi kwenye nyumba hii, tukasema hapa pana moto. Tumekuja kuomba moto." Shangazi akajibu kwa madaha, "Moto upo. Ila moto una mwenyewe." Mtu yeyote mwenye akili angeshtuka hapo. Mimi nilikuwa naonja chumvi.

Shangazi akaniita. Nikafuta mikono, nikaingia, nikapiga magoti kuwasalimia. Mezani, juu ya kitenge kipya kilichofunuliwa pande zote, kilikuwa kinanda. "Mwanangu," akasema mzee, "Ambakisye ametutuma tukulete hiki. Ukikiona kinafaa, kichukue." Jamani! Mimi kichwani nilimwona dereva wetu, nilimwona mwalimu wa kwaya, nikaiona Jumapili inayokuja. Nilijua usharika umepata kinanda, na kwa kuwa mpigaji ni mimi, nimeletewa nikijaribu. Sikuuliza hata swali moja. Nikakinyanyua kwa mikono miwili, nikakiweka magotini, mzee akanionyesha pa kuwashia, nikapiga wimbo ambao mwalimu wetu aliutunga wa kuingilia ibadani. Sauti ilijaa chumba, ikatoka dirishani, watoto wakakimbilia mlangoni. Nilipiga ubeti mzima nikicheka peke yangu. Nilipomaliza, mke wa mzee akapiga vigelegele, Shangazi akavipokea, na Mzee Asegelile akampa mkono Shangazi juu ya meza. "Amepokea," alisema. "Tena amepokea kwa wimbo. Mimi nimeshenga miaka mingi, sijajibiwa vizuri namna hii."

Kitu chenyewe kinaitwa kishika uchumba. Kwa wengine ni pete, kwa wengine kitenge au fedha kidogo. Kwangu kilikuwa kinanda. Nilipoelewa, maharage yalikuwa yanaungua. Nilimfuata Shangazi jikoni nikamwambia sikujua, nilidhani ni cha kwaya. Alinitazama kama niliyemwambia mvua hailowanishi. "Kinanda kimeletwa nyumbani kwangu, kimefungwa kwenye kitenge, na mshenga na mkewe, wewe unasema cha kwaya? Kwaya ina mshenga?" Nikasema nitakirudisha. "Umekipiga, Twilumba. Mtaa mzima umesikia. Kitu kilichopigwa utakirudishaje?" Halafu akapakua maharage, yaliyoungua na yote, akawapelekea wageni, na wakayasifu.

Sasa sikilizeni ubaya wa kinanda chenye spika ndani. Kingine chochote ningekificha. Pete ungeiweka sandukuni. Lakini kile kikilia kilisikika mpaka kisimani. Siku nilipokipiga, jirani yetu alisema ukutani, "Msikieni, dereva wake yuko njiani." Nikaacha kukipiga. Basi wakasema, "Kanyamaza maskini, anamkumbuka." Nikijaribu wimbo wa huzuni, namlilia, wa furaha, nimepata habari zake. Weee! Hapakuwa na upande wa kutokea. Kanisani ndiyo usiseme: nilikibeba kwenda nacho kwaya, maana kilihitajika, na kila nilipokiwasha wanakwaya walikohoa kimakusudi na kutazamana. Mwalimu wa kwaya, mtu mwema, aliniambia, "Mshukuru Mungu, binti. Umepata mume na usharika umepata kinanda." Nilitamani kumrushia.

Na jambo linaloniuma hata leo ni kwamba nilikipenda. Nilikipenda kile kinanda kuliko nilivyompenda binadamu yeyote mwaka ule. Nilijua sauti ya kila kitufe, nilijua kimoja cha upande wa juu kinachochelewa kidogo asubuhi za baridi. Ningeweza kukifungia kabatini nikalikataa jambo zima, lakini vidole vilikuwa vinaniwasha. Ndipo nikagundua kile kidude cha kushoto. Nilikizungusha mpaka mwisho, sauti ikafa kabisa, na mchana Shangazi anapokwenda kupanga foleni ya sukari nilikaa kitandani nikakipiga kimya. Vidole vinatembea, hakuna kinachosikika ila tok, tok, tok ya vitufe. Nilijifunza nyimbo zote za kwaya namna hiyo. Wimbo mzima ulikuwa kichwani na hakuna aliyeweza kusema namkumbuka nani. Siku moja Shangazi alirudi mapema akasimama mlangoni akinitazama. "Unafanya nini?" "Napiga." "Hakilii." "Najua." Akatikisa kichwa akaenda kumenya viazi, na jioni nikamsikia akimwambia jirani kwamba mapenzi yanataka kunitia kichaa.

Nisimseme vibaya tu. Ambakisye kila akipita alileta sabuni za miche na sukari iliyofungwa kwenye gazeti, na Shangazi alikuwa amechoka na foleni. Tena mwanamume mwenyewe hakuwa na kosa la kumshika. Alikuwa mpole, hanywi ulanzi, anakaa kwenye ncha ya kiti ili asikunje kitambaa. Angekuwa mlevi au mkorofi ningepata pa kusimamia. Nilipomwambia Shangazi simtaki, aliuliza, "Ana ubaya gani?" Nikatafuta, nikakosa. Mtu akikosa ubaya unamkataaje? Hata mimi nilianza kujiona ndiye mbaya.

Baada ya mvua za kwanza tulipelekwa Mbeya, mimi na Shangazi, nikatambulishwe kwa mama yake. Walikaa Mwanjelwa, nyumba ya matofali mabichi yenye bati jipya, na manyunyu ya Mbeya hayakukatika tangu tulipofika. Tulikuja kwa siku mbili, ikawa wiki. Mama Ambakisye alinipokea kwa mikono miwili, "Ugonile, mwanangu," akanipikia ndizi na maharage, akanipa chai ya maziwa kwenye kikombe ambacho wengine hawakuruhusiwa kukigusa. Kinanda kiliwekwa sebuleni, na kila mgeni aliyeingia, na wageni walikuwa wanaingia kila mara, nilisimamishwa nipige. Nilipiga wimbo wetu wa kuingilia mpaka nikauchukia. Ambakisye alikuwa likizo safari ile, anakaa pembeni kabisa, macho kwenye vidole vyangu. Nyuma ya nyumba mafundi walikuwa wanapandisha kuta za chumba, na mama yake alinishika mkono akanipeleka kwenye manyunyu kunionyesha dirisha litakapokaa. "Utakaa hapa," alisema, "unapiga, sisi tunasikia tukiwa jikoni." Alisema kwa upendo wa kweli. Nilitazama ile nafasi ya dirisha, nikajifunika khanga kichwani, nikarudi ndani.

Kuta za nyumba ile hazikufika kwenye bati, hivyo maneno ya chumba kimoja yalipita juu yakaangukia chumba kingine. Alasiri moja nilikuwa nimejilaza, nikamsikia Ambakisye akimuuliza mama yake, "Mama, mbona huyu binti hanitazami?" Mama akacheka. "Ana haya. Atakutazama akishazaa." Kisha Ambakisye akasema tena, taratibu, "Anakitazama kinanda tu." "Basi si umekinunua wewe? Ametulia huyo, haondoki tena." Shangazi alikuwa kando yangu, macho wazi, naye alisikia yote. Aligeukia ukutani.

Tuliporudi Iringa nikakuta jina langu limetoka chuo cha ualimu. Nilirukaruka pale kwenye ubao mbele ya ofisi ya elimu, halafu nikakumbuka. Harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno, chuo kinafunguliwa kabla yake, na Mzee Asegelile alikwishasema mke wa dereva hana haja ya chaki. Nilimwendea Mjomba Lupyana, kaka yake mama, mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache na usingizi mwingi. Nilimlilia mpaka khanga ikalowa. Alinisikiliza akila mahindi ya kuchoma, akamaliza gunzi lote, ndipo akasema, "Kishika uchumba kinarudi, kama ni kizima na kama aliyekipokea anakirudisha kwa mikono yake mbele ya waliokileta. Jifunge khanga, twende." Shangazi alikataa kutusindikiza. Alisema hawezi kwenda kuaibika Usangu kwa ajili ya chaki.

Wenzetu walitaka tukutane Chimala, huko huko Usangu, kwa kaka yake Ambakisye aliyekuwa akilima mpunga. Tulikaribishwa wali mweupe na samaki, tukala wote vizuri tu, hakuna aliyetaja kilichotuleta. Walipokwisha kunawa, nikakiweka kinanda mkekani, kwenye kitenge kile kile, na Mjomba akasema tuliyoyajia. Mama Ambakisye alijifunika uso. Mzee Asegelile hakukasirika. Alikizungukia kinanda, akakikagua chini na juu, akapuliza vumbi kwenye vitundu vya spika. "Tulikileta kikiwa kinalia," alisema. "Tutajuaje kwamba ni kizima? Kilie." Kisha akanitazama mimi. Wote wakanitazama mimi. Na Mjomba wangu, Mungu amrehemu, akapiga miayo akasema, "Haya Twilumba, kipige upesi, basi litatuacha."

Hapo nikaona mtego, safari hii nikauona kabla sijaukanyaga. Kilichonifunga Kitanzini ni kukipiga mbele ya mshenga. Leo nikipige tena, mbele ya mshenga yule yule, mbele ya mama na kaka, wote wameshiba? Mke wa mzee alishaanza kulowanisha midomo kwa vigelegele. "Mimi sipigi," nikasema. Mzee akatabasamu. "Basi hakijarudi." Mjomba ndipo akazinduka, akanitazama, akaitazama mikono yangu, nami nikaona ameelewa. Nani mwingine pale aliyejua kupiga? Nikaiweka mikono chini ya mapaja, nikaikalia.

"Nitapiga mimi." Alikuwa Ambakisye, mlangoni, amekaa kwenye kinu kilicholazwa. Akaja, akafuta kidole kwenye suruali, akapiga goti moja, akawasha. Akaanza kupiga wimbo wetu wa kuingilia kwa kidole kimoja kinene, kitufe kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta sarafu gizani. Alikuwa ameushika kwa kunitazama wiki nzima kule Mwanjelwa, sauti nyingi kuliko nilivyodhani. Alifika mwisho wa mstari mmoja, kwenye noti ya so, akakwama. Akajaribu kitufe kimoja, siyo. Akajaribu kingine, siyo. Akainua uso akanitazama. Na mimi mwaka mzima sikuwahi kumtazama usoni, nikamtazama. Kitufe kilikuwa kiko hapo, do ya juu, kidole chake karibu kukigusa. Do ya juu, ng'ombe wewe, do ya juu! Mikono ilinichoma chini ya mapaja. Mama yake alikuwa ameshafunua uso, anangoja. Sikuitoa mikono.

Akangoja kidogo, akazima. "Kimelia," akasema. "Kizima. Mzee, pokea." Mzee Asegelile alitaka kusema kitu, akaona uso wa kijana wake, akakipokea. Uani, Mjomba akifunga kamba za viatu, Ambakisye alinisogelea. "Ningekuuliza wewe mwenyewe, tangu mwanzo, ungesema nini?" Nikamwambia, "Ningesema hapana." Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua. Ndiyo maana nilimtuma mzee." Basi likaja, tukapanda, na mapaja yangu yalikuwa mepesi mpaka nikaona aibu, nikalia njia nzima mpaka Iringa. Mjomba alidhani nalia kwa furaha. Nilikuwa nakililia kinanda.

Nilikwenda chuo, nikafundisha, nikaolewa na mtu aliyeniuliza mwenyewe. Sikununua kinanda, hata vilipojaa madukani na wanangu wakataka kuniletea. Nilisema vidole vimekufa ganzi. Kwa kweli niliogopa nikikigusa nitasikia mtu anapiga vigelegele.

Kule msibani, baada ya maziko, mjane alinitafuta kati ya wanawake mkekani. Sikuwa nimemwambia mtu jina langu. Ni mwanamke mnene, mpole, miguu imevimba kwa kusimama. "Wewe ndiye Twilumba wa Iringa," alisema. "Ndaga kwa kuja. Kile kinanda kilikufa zamani, wajukuu wakakichezea mpaka kikaisha. Lakini mzee alikuwa anakipiga kila Jumapili akiwa nyumbani, wimbo mmoja tu. Anafika mahali anaacha. Watoto wangu wote wamekua wakijua wimbo unaishia hapo." Akauimba polepole, kwa sauti ya mtu aliyekesha akilia, mpaka kwenye so. Akanyamaza. "Nilimuuliza mwisho wake, akasema haujui, anaujua mtu mmoja. Mwenzangu, unaishia wapi?"

Nikashangaa kuona nimeikalia mikono yangu. Nikaitoa, nikaushika mkono wake, nikamwimbia, do ya juu na yote iliyofuata, mpaka mwisho. Ni mstari mmoja tu, unashuka unatulia. Mjane alisikiliza, akangoja kama kuna mwingine.

"Kumbe kilichobaki kilikuwa kifupi hivyo," akasema.